Lukemia ikihama ukoo: jinsi ya kuikamata maabara

Tumefundishwa kuna lukemia (saratani ya damu) za limfu na za mailoidi, yaani koo mbili za seli za damu, ukadhani mgonjwa akija na moja ndo hiyohiyo mpaka mwisho. Wapi! Kuna seli zinahama kama mbunge anavyohama chama, jana alikuwa B (aina ya seli za limfu) leo kaamka mailoidi, kadi mpya ila mtu yuleyule.

Anza na ripoti ya siku aliyogundulika, bila hiyo unabahatisha tu. Cheki kama jeni ya KMT2A kwenye kromosomu 11 imevunjika, mara nyingi utakuta imeungana na AFF1 ya kromosomu 4, na hii iko sana kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja. Ukiiona kaa macho, manake hizo ndo zenye tabia ya kuhama, hasa zikishapigwa na tiba zinazolenga CD19 (alama iliyo juu ya seli B) kama dawa ya blinatumomabu au CAR-T (seli T za kinga zilizorekebishwa ziwinde saratani). Wengi hawahami, ila wa kuwachunga ndo hao.

Sasa kwenye flosaitometri (kipimo cha kutambua seli kwa alama zake), na hapa ndo watu wanapotelea. Usizisake blasti (seli changa za lukemia) kwa CD19 peke yake. Mgonjwa katibiwa na dawa inayowinda CD19, we nawe unamtafuta kwa CD19 hiyohiyo, unategemea kuona nini? Utaandika hakuna ugonjwa na uboho umejaa blasti. Weka CD22 na CD79a, alama nyingine za B, weka na za upande wa mailoidi, CD33, CD14, CD64, na MPO, kimeng'enya cha ndani ya seli (blasti za kimonosaiti, tawi mojawapo la mailoidi, zinaweza zisiwe na MPO, usidanganyike). Kama CD19 imepotea ila CD22 na CD79a zipo, huyo hajahama, kaficha kadi tu. Kama za B zote zimeondoka na za mailoidi zimewaka, hapo mshuku.

Mshuku tu, kwa sababu inaweza kuwa lukemia mpya iliyoletwa na dawa. Etoposidi, dawa ya saratani, inajulikana kusababisha KMT2A hiyohiyo kuvunjika, kwa hiyo kuiona imevunjika hakutoshi, linganisha ilipovunjika hasa na jeni iliyoungana nayo, vikifanana na vya mwanzo ni yuleyule. Mpangilio wa jeni za kingamwili, ambao ni kama alama ya kidole ya seli B na uzao wake, nao uupime: ukifanana na wa mwanzo ni ushahidi mzuri, ukiukosa usihukumu, huenda lukemia ilitoka kwenye seli ya nyuma zaidi ambayo ilikuwa haijachagua upande.

Inawezekanaje lakini? Ukoo wa B unashikiliwa na protini kama EBF1 na PAX5, na PAX5 ndo inawasha CD19 huku ikizima jeni za koo nyingine. Mwaka 1999 ilionekana seli changa za B za panya zisizo na PAX5 zinaweza kugeuka makrofaji (seli za kimailoidi zinazomeza vijidudu) au hata seli T. 2004 maabara ya Thomas Graf ikawasha C/EBPα, protini inayowasha jeni za kimailoidi, ndani ya seli B za panya, nazo zikawa makrofaji. Kwa hiyo ni swichi, na wanaozishika ni pamoja na kundi la protini la NuRD linalofunga na kufungua kromatini (DNA na protini zinazoikunja), likiyumba geti liko wazi.

Ukishajiridhisha usiache ripoti ikae kwenye sistimu ikisubiri kusomwa, mpigie daktari sikuhiyohiyo, maana dawa za kulenga B hapo hazina cha kushika tena na inabidi afikirie matibabu ya kimailoidi.