SOMO: Kupiga picha za ndege wa porini na kuziediti (someni kwanza, ndipo mnifuate inboksi)

Wakuu, wiki hii pekee nimeulizwa mara saba "zile picha zako za ndege unafanyaje?", na mara zote saba nimeandika maelezo yale yale kwa kidole gumba nikiwa nimebanwa kwenye daladala. Naandika mara moja hapa. Kuanzia leo atakayeuliza atatumiwa hii.

Mimi si mtaalamu. Nina Canon 700D ya mtumba na lenzi ya 55-250. Darasa langu ni mashamba ya chumvi ya Kunduchi, Dar es Salaam, na mti wa mwembe ulio nyuma ya nyumba. Nitakayosema yametoka huko.

Hatua ya 1: Kamera. Tumia uliyonayo. Lenzi ifike angalau milimita 250. Tumemaliza.

Hatua ya 2: Saa, na maji. Asubuhi tangu jua linapochomoza hadi saa tatu, jioni kuanzia saa kumi. Katikati ya hapo joto linapanda kutoka ardhini, hewa inatetemeka, na picha inatoka kama umeipiga kupitia sufuria la maji. Hata lenzi ya bei ya gari haitibu hilo.

Kwa ndege wa pwani, fuata maji pia. Yakipwa, ndege wanatawanyika mbali kwenye tope, unaona vidoti. Yakijaa wanasukumwa hadi kwenye matuta ya mashamba ya chumvi na kusimama pamoja wakisubiri. Bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) kwenye pwani yetu hujaa kama saa kumi au kumi na moja jioni, kwa hiyo mwanga mzuri na ndege wa karibu vinakutana. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, mimi hufua nguo.

Hatua ya 3: Kusogea. Kaa chini, hata kama ni tope. Ukimpiga ndege umesimama unapata mgongo wake na ardhi. Jicho lako likilingana na lake unapata ndege. Usimwendee moja kwa moja. Nenda mshazari, simama, jifanye una shughuli nyingine. Akiacha kula na kunyoosha shingo, hapo ndipo mwisho wako. Tulia mpaka arudi kula. Na kwenye kiota usiende kabisa.

Hatua ya 4: Mpangilio. Weka Tv, yaani kasi unachagua wewe, mengine kamera. Kasi 1/1000 kwa aliyesimama, 1/2000 kwa anayeruka. ISO (jinsi kamera inavyokuza mwanga) ijipange yenyewe, kikomo 3200. Fokasi AI Servo, inayomfuata ndege akisogea (kwa Nikon na Sony ni AF-C), nukta moja ya katikati, juu ya jicho. Piga mfululizo. Hifadhi RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalihariri.

Hatua ya 5: Ndege mweupe. Hapa someni polepole, maana hapa ndipo nilipoumia.

Novemba moja nilimkuta yangeyange amesimama kwenye bwawa la chumvi, nyuma yake mikoko yenye kivuli kizito. Mwanga mzuri, umbali mzuri. Akadaka samaki. Nikabonyeza mpaka kidole kikafa ganzi, picha 212. Nikarudi nyumbani naimba. Kufungua kompyuta: samaki anaonekana hadi magamba, mikoko inaonekana jani kwa jani, ndege hayupo. Mahali pake kuna umbo jeupe kama povu la sabuni, limeshika samaki mdomoni. Nikajaribu kushusha mwanga. Nyeupe ikageuka kijivu, kama ukuta wa chokaa uliopigwa na mvua. Manyoya hayakurudi kwa sababu kamera haikuyarekodi. Zote 212, hivyo hivyo.

Kosa lilikuwa langu. Kamera haijui kwamba umekuja kwa ajili ya ndege. Inatazama eneo lote na kutaka wastani wake uwe kijivu cha kati. Ikiona mikoko mingi yenye giza inaongeza mwanga, na anayeungua ni yule mweupe mdogo aliye katikati. Dawa ni kuipunguzia: shikilia kitufe cha Av +/− huku ukizungusha gurudumu, shusha hadi −1. Piga picha moja tu, kisha iangalie ikiwa na histogramu (grafu ya mwanga wa picha, kutoka giza hadi weupe). Sehemu zilizoungua zinapepesa nyeusi. Manyoya ya kifuani yakipepesa, shusha tena theluthi moja, piga, angalia.

Tahadhari, na hizi zote nimezilipia:

Usiamini kioo cha kamera juani. Picha iliyoungua kioo huonekana nzuri tu. Amini histogramu na kule kupepesa.

Akihama, pima upya. Yangeyange yule yule akitoka mbele ya mikoko akaruka juu, nyuma yake sasa kuna anga jeupe, na ile −1 yako inamfanya kivuli. Dhidi ya anga pandisha hadi +1.

Usishushe kupita kiasi ukijidanganya kwamba "nitapandisha nyumbani". Ukipandisha, sehemu za giza zinakuja na chenga, vile vidoti kama mchanga.

RAW inakupa nafasi ya kurekebisha kidogo. Kilichoungua kabisa kimeungua, hakuna programu itakayokifufua.

Hatua ya 6: Kuediti. Natumia darktable, ni ya bure, inafungua mafaili ya RAW. Mpangilio wangu: nakata picha kwanza, nikimwachia ndege nafasi mbele ya mdomo na si nyuma ya mkia. Narekebisha rangi ya mwanga, maana picha za asubuhi kamera huzipoza zikawa za bluu. Nashusha kidogo sehemu zinazong'aa, napandisha kidogo za giza. Naondoa chenga, hasa kwenye eneo la nyuma. Kwenye manyoya naenda taratibu, yasije yakawa plastiki. Mwisho kabisa nanoa, na ninanoa ndege peke yake. Ukinoa picha nzima unanoa na chenga, na ukizidisha ndege anapata mstari mweupe pembeni, kama amekatwa kwenye kalenda akabandikwa.

Ukimaliza, ondoka. Kanywe chai. Ukirudi utakuta rangi umezidisha. Mimi huzidisha kila mara.

Hatua ya 7: Kutuma. Hifadhi JPEG, rangi za sRGB. WhatsApp tuma kama dokumenti, ukiituma kama picha inabanwa na manyoya yote uliyoyahangaikia yanapotea.

MASWALI

Dogo_Temeke: Mkuu somo zuri sana. Sasa kamera gani nzuri ya kuanzia?

Mleta somo: Hatua ya 1.

Mama_Shani: Kaka, asante. Labda swali langu ni la kijinga. Kwa nini kamera itake kijivu? Na je, ndege mweusi inakuwaje?

Mleta somo: Dada, si la kijinga, ndilo swali lenyewe. Waliotengeneza kipimo cha mwanga cha kamera walihitaji pa kuanzia, wakachukua kwamba mandhari ya kawaida, ukichanganya mwanga wake wote, yanakaribia kijivu cha kati. Mara nyingi ni kweli. Fanya jaribio nyumbani: tandika shuka jeupe, lijaze picha nzima, piga bila kurekebisha kitu. Kisha buibui jeusi, vile vile. Shuka litatoka limefubaa, buibui litatoka limepauka, vyote viwili kijivu. Ukiliona hilo kwa macho yako hutasahau.

Kwa hiyo ndege mweusi akijaza picha, kamera inampausha, unashusha kidogo. Akiwa mdogo kwenye anga au mchanga mweupe, anakuwa kivuli, unapandisha. Fanyia mazoezi kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, na leo Dar huwezi kunywa soda nje bila mmoja kukukodolea macho. Hawaogopi mtu, wapo siku nzima, na ukiweza kutenganisha ile nyeusi ya kichwa na kijivu cha shingo, umeshajua kupima mwanga.

Mama_Shani: Nimefanya la shuka. Kweli limefubaa! Nimepandisha +1⅓ likawa jeupe na mikunjo inaonekana.

Mleta somo: Umeshanipita. Mimi nilihitaji picha 212.

Mzalendo77: Hizi picha zimeeditiwa, si halisi. Sisi wengine tunapiga na kuweka kama zilivyo.

Mleta somo: Kama zilivyo kwa nani? JPEG ya kamera yako imeshaongezwa rangi na kunolewa ndani ya kamera kabla hujaiona. Tofauti ni kwamba mimi nachagua mwenyewe. Siondoi ndege, siongezi ndege, sibadilishi anga. Nikikata tawi nasema nimelikata.

Mzalendo77: Sawa, lakini bado.

Mleta somo: Bado nini?

Kijana_Moro: Mimi ndege wananigandia wamesimama tu. Nikirusha kijiwe kidogo waruke, kasi iwe ngapi?

Mleta somo: Usirushe. Vitwitwi unaowaona Kunduchi baadhi yao wametoka kuzaliana Aktiki ya Siberia. Wanafika kuanzia Agosti na Septemba, na Machi na Aprili wanajaza mafuta ya safari ya kurudi. Kila ukiwarusha wanachoma mafuta hayo bure. Maji yakijaa ndiyo saa yao ya kupumzika, hawana pengine pa kusimama. Subiri. Ndege anayetaka kuruka huonyesha: anainama, mara nyingi anajisaidia kwanza, ndipo anaondoka. Ukimwona anajisaidia, bonyeza.

Kijana_Moro: Hahaha, nimeelewa mkuu. Samahani.

Nyuki_Watamu: Mimi niko Mida Creek, Kenya. Kuna ndege mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene mweusi, miguu mirefu, wanakula kaa kwa makundi. Picha zangu mgongo unatoka vizuri lakini tumbo linaungua. Ni ndege gani, na nifanyeje?

Mleta somo: Karibu jirani. Huyo kwa jina la kisayansi ni *Dromas ardeola*, na hapo Mida ni mahali pazuri mno pa kumwona. Huja kwetu baada ya kuzaliana kwenye pwani na visiwa vya huko kaskazini, Ghuba na Bahari ya Shamu. Huyu hana mchezo: anachimba shimo kwenye mchanga na kutaga humo ndani yai, mara nyingi moja, jeupe. Ndugu zetu wa Oman nao wanampata kwa wingi.

Pima kwa ile nyeupe, sahau mgongo. Shusha hadi tumbo liache kupepesa. Mgongo utaonekana mzito kwenye kamera, lakini ukifika nyumbani unaupandisha kidogo na unarudi. Kati ya nyeusi na nyeupe, linda nyeupe. Na jaribu siku ya mawingu mepesi. Mwanga laini unapunguza ugomvi wa rangi hizo mbili.

Sina_Kamera: Nina simu tu. Nisepe?

Mleta somo: Usisepe. Ukipata darubini, hata ya kuazima, weka jicho la kamera ya simu kwenye tundu moja la darubini, uiegemeze kwenye mti au ukuta. Kata kipande cha shingo ya chupa ya plastiki au kadibodi ukizungushie tundu, simu isichezecheze. Itakuchosha wiki ya kwanza. Ndege aliyetulia, mwewe juu ya nguzo kwa mfano, anapatikana vizuri tu. Na kumjua jina lake pakua Merlin ya Cornell, ni ya bure.

Fundi_Lenzi: Mkuu umesahau ukungu. Watu wa pwani lenzi zinaota utando ndani kwa unyevu.

Mleta somo: Kweli, na mimi niliuziwa moja hivyo, dukani, muuzaji akaapa ni vumbi. Kabla ya kununua ya mtumba, fungua mifuniko yote miwili, mulika kwa tochi ya simu upande wa nyuma, uangalie mshazari kwa mbele. Ukiona nyuzi kama za buibui, rudisha.

Fundi_Lenzi: Na kuhifadhi: ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Visianikwe juani tu vikaachwa, vibadilishwe. Msiweke kwenye begi la ngozi kabatini.

Mama_Shani: Na mchele? Nimesikia mchele unavuta maji.

Fundi_Lenzi: Unavuta kidogo na unaacha vumbi jingi. Pika huo mchele dada.

Mleta somo: Nyongeza: ukitoka kwenye chumvi, futa mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Kioo cha lenzi usikiguse kabla ya kupuliza, chembe ya chumvi inakwaruza.

Dogo_Temeke: Mkuu nimesoma yote sasa. Nina 1300D ya shemeji. Jumamosi naenda Kunduchi. Wale walinzi wa chumvi hawasumbui?

Mleta somo: Hilo sasa ni swali. Zile ni kazi za watu, si uwanja wa wazi. Usiingie kimyakimya kwa nyuma. Pita mbele, salimia, muulize msimamizi, onyesha kamera, eleza kuwa ni ndege tu. Usiwapige picha wafanyakazi bila kuwaomba. Usikanyage chumvi iliyokwisha kuanikwa, tembea juu ya matuta.

Mzalendo77: Na akiwaonyesha picha kwenye kioo watamwambia ndege wanalala wapi. Mimi pale mzee mmoja alinipeleka mwenyewe hadi bwawa la mwisho.

Mleta somo: Hiyo sikuwa nayo. Naiingiza hatua ya 3.