Kuondoa keria iliyochomelewa kwenye baiskeli ya Phoenix ya mtumba

Phoenix nyingi za mtumba ninazoletewa hapa Ngamiani zimechomelewa keria nzito ya magunia. Ukitaka kuiondoa, usikate usawa wa fremu: bomba la baiskeli ni jembamba, litatoboka. Kata juu kidogo, kile kisiki kimalize kwa tupa, taratibu, ukipapasa kwa kidole. Safisha kwa msasa, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Chumvi ya bahari ya Tanga haina subira.

Ukifungua na pedeli, ya kushoto hufunguka kinyume, kufuata mwelekeo wa mshale wa saa. Pini ya krenki, ile inayobana mkono wa pedeli kwenye ekseli, igonge huku nati ikiwa imelegea tu, bado haijatoka, la sivyo utaponda nyuzi zake. Kengele ya mwenye awali? Mimi huiacha.