Namna ya Kumrekodi Mgeni wa Podikasti ya LGBTQ Bila Kumweka Hatarini

Podikasti inayotengenezwa na watu wa LGBTQ kwa ajili ya wenzao ina wajibu ambao kipindi cha michezo au cha biashara hakina, kwa kuwa mara nyingi mgeni hajawahi kuwaambia wazazi wake, mwajiri wake wala majirani zake yale anayomweleza mtangazaji. Kazi ya kumlinda huanza kabla maikrofoni haijawashwa.

Anza na ridhaa. Zungumza na mgeni siku kadhaa mapema bila kurekodi, umweleze kipindi kitapatikana wapi na kwamba kikishatoka hakirudi. Hili la mwisho lisemwe waziwazi, kwa sababu programu nyingi za kusikilizia hupakua faili zenyewe, na hata ukikifuta kipindi kwenye seva yako, nakala zilizokwisha kuingia kwenye simu za watu hubaki humo. Basi mpe nafasi ya kusikiliza toleo lililohaririwa, pamoja na haki ya kujitoa hadi siku mtakayoafikiana. Akijitoa, usimdai sababu.

Jina la bandia alichague mwenyewe, na lisiwe lile analoitwa na marafiki au analotumia kwenye mitandao ya kijamii. Litumieni kwa dakika chache kabla ya kuanza, maana mazungumzo yakikolea ulimi huteleza.

Lugha yetu inasaidia hapa. Mtu akisema "mpenzi wangu alinisubiri", hakuna kiambishi kinachofichua kama ni mwanamume au mwanamke, na mtangazaji hana haki ya kumlazimisha afichue, inatosha kumuuliza mapema, "Ungependa tumtajeje?" Hatari iko kwenye maneno ya undugu. Mgeni akisema yeye ni kitinda mimba wa watoto tisa na kwamba mama yake mkubwa ndiye aliyemlea, ndugu zake watamtambua kabla hajamaliza sentensi, hata kama jina lake halikutajwa popote. Maelezo ya namna hiyo yaondoe, au mwombe ayaseme upya kwa upana zaidi.

Chumba cha kurekodia kiwe kidogo, chenye mapazia mazito au nguo zilizotundikwa ili kupunguza mwangwi. Maikrofoni ikae umbali wa kiganja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, na simu ziwe kwenye hali ya ndegeni. Kila mzungumzaji awe na faili yake.

Kisha isikilize rekodi nzima kwa hedifoni ukiyapuuza maneno, ukitafuta tu kinachosikika nyuma yake. Niliwahi kuhariri mazungumzo ya kijana aliyekuwa mwangalifu kwa kila neno. Kumbe nyuma ya sauti yake, kwa sekunde nne hivi, kulikuwa na kengele na mtu akiita namba ya wodi. Yeyote aliyefanya kazi mahali pale angepatambua. Niliikata sentensi yote, ingawa ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, na leo ningeikata tena.

Wengi huamini kwamba kuishusha au kuipandisha sauti kunatosha kumficha mtu. Hakutoshi, kwa sababu badiliko hilo mara nyingi linaweza kutenguliwa kwa programu ya kawaida ya kuhariri, na kicheko chake, mwendo wake wa kusema na maneno aliyoyazoea hubaki palepale. Kwa aliye hatarini kwelikweli, mwombe mtu mwingine asome maneno ya mgeni kwa sauti yake huyo msomaji, bila kuigiza, na uwaarifu wasikilizaji.

Kabla ya kuchapisha, jikague na wewe. Mlisho wa RSS, yaani faili ya mtandaoni inayozipa programu za kusikilizia orodha ya vipindi vyako, unaweza kubeba baruapepe ya mwenye podikasti, na yeyote anaweza kuufungua na kuisoma. Fungua anwani ya baruapepe ya kazi hii pekee. Futa pia jina lako kwenye taarifa zilizomo ndani ya faili ya MP3. Mfikirie na msikilizaji, ambaye skrini ya simu yake huonyesha kichwa cha kipindi na picha hata ikiwa imefungwa. Mimi hupendelea kichwa kisichomwumbua mtu aliyekaa kwenye basi, kisha maelezo ya kipindi ndiyo yabebe maneno yatakayomwezesha anayekitafuta kukipata. Sauti ya mono (ya mkondo mmoja) ya kilobiti 64 kwa sekunde inatosha kwa mazungumzo: nusu saa huwa takriban megabaiti 14, hivyo ni rahisi kupakua na kufuta.

Limebaki suala la rekodi ghafi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Eric Marcus, mwandishi wa Marekani, aliwahoji wanaharakati wa LGBTQ kwa ajili ya kitabu. Kanda zile alizitunza, na mwaka 2016 zikawa podikasti iitwayo Making Gay History, ambamo husikika sauti za watu waliokwisha kufariki. Kwa hiyo usifute kwa mazoea, wala usihifadhi kwa mazoea. Muulize mgeni kama rekodi ifutwe au ihifadhiwe kwa nywila, kwa muda gani, na nani aruhusiwe kuifungua, kisha liandike jibu lake pamoja na tarehe na ulitunze mahali ilipo faili yenyewe.