Namna ya kumsogelea mjusi bila kumtia hasara

Mjusi hajitetei bure. Kila ujanja anaoutumia, uwe ni kuacha mkia, kujivimbisha, kuuma au kujifanya amekufa, anaulipia kwa mafuta ya mwilini, kwa nguvu, au kwa muda ambao angekuwa anawinda. Mimi naongoza wageni katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki, na kabla ya hapo nililisha wanyama watambaao kwenye bustani ya nyoka. Kote huko nimewafundisha wanaoanza jambo moja: kabla mjusi hajajitetea huonyesha dalili. Ukiijua dalili yake utasimama mapema, naye atabaki na kilicho chake.

Anza na mjusi kafiri, kwa kuwa yuko ukutani kwako. Mifupa ya mkia wake ina sehemu zilizoumbwa ili zikatike. Akibanwa, misuli hujikaza, mfupa huachana, na mishipa ya damu hujifunga papo hapo, ndiyo maana huoni damu nyingi. Kipande kilichoanguka hurukaruka kwa dakika kadhaa, paka anakikodolea macho, na mwenyewe keshaingia nyuma ya kabati. Watoto hufurahia sana kuona hivyo. Lakini mkia ule ndio ghala lake la mafuta. Jike aliyeupoteza huwa na akiba ndogo ya kutengenezea mayai. Mkia mwingine huota, ila ndani yake hakuna mifupa, kuna ufito wa gegedu tu, na sehemu hiyo mpya haikatiki tena kwa namna ile. Safari nyingine itabidi akatikie juu zaidi, karibu na mwili. Kwa hiyo nafasi zake zinahesabika.

Ukitaka kumtoa chumbani, weka fagio kando. Chukua kopo la plastiki lenye mdomo mpana na kipande cha katoni. Ngoja atulie mahali pa bapa, mfunike polepole, na hakikisha mkia wote umeingia ndani kabla ukingo haujagusa ukuta. Kisha penyeza katoni ukianzia upande wa kichwa, atajikunja mwenyewe aipande. Akianza kuinua mkia na kuupunga taratibu kushoto na kulia kabla hujamfunika, simama. Hapo anakuelekeza macho kwenye kiungo alicho tayari kukiacha. Rudi nyuma hatua mbili, zima taa, jaribu tena baadaye. Hana sumu, na kama atalia kidogo mkononi ni sauti ya kukushtua tu.

Mijusi wenye mikia ya buluu hufanya kazi hiyo hiyo kwa rangi. Hapa Amani tunaye Holaspis, mjusi bapa anayekimbia kwenye magome na kuweza kujirusha akielea kutoka mti hadi mti. Jicho la ndege hufuata buluu, na buluu ndiyo inayoweza kukosekana bila mwenyewe kufa. Usimfukuze kwenye shina ili umpige picha. Kaa chini ya mti, mara nyingi hurudi kwenye jua lile lile.

Aliyepita wote kwa kuachia sehemu ya mwili ni Geckolepis, jamaa wa mjusi kafiri, wa Madagaska na Komoro. Huyu huvua magamba, pamoja na tabaka la ngozi, akabaki waridi mwili mzima mikononi mwa aliyemshika. Wataalamu wamewahi kumkamata kwa pamba na bado magamba yakamtoka. Mwaka 2017 ilitangazwa spishi yake mpya ya kaskazini mwa Madagaska, Geckolepis megalepis, yenye magamba makubwa kuliko mjusi yeyote wa jamii ya mjusi kafiri anayejulikana. Magamba humrudia baada ya wiki kadhaa bila kovu. Kwake yeye hakuna njia nzuri ya kumshika. Mwache atembee aingie chomboni mwenyewe.

Vinyonga watafute usiku. Wakilala rangi hupauka, na mwanga wa tochi ukipita kwenye majani utawaona mara moja. Utashangaa wamelala kwenye ncha ya kijiti chembamba badala ya tawi nene. Nyoka akipanda, kijiti hutikisika, na kinyonga huachia na kuanguka gizani. Kwa hiyo usiguse kichaka. Ukikishika ili umwone vizuri, kwake wewe ndiye nyoka, naye ataanguka kutoka mahali pa salama alipopachagua jioni. Elekeza tochi pembeni yake, piga picha chache, ondoka.

Wale vinyonga wadogo wa sakafuni mwa msitu, wenye urefu wa kidole, Rhampholeon temporalis na Rieppeleon brevicaudatus, hujifanya majani makavu. Ukimwokota, utasikia kiganjani mtetemo mkali wa ghafla. Wageni wengi hudhani anatetemeka kwa baridi na kumfumbata wampe joto. Sivyo. Mtetemo huo ni wa kumshtua aliyemshika ili amwachie, na kumfumbata kunauongeza. Mrudishe kwenye majani pale pale ulipomtoa.

Kinyonga aliye barabarani msaidie hivi: weka kijiti mbele yake, chini ya kidevu, asubiriwe apande kwa hiari. Usimtokee kutoka juu, maana mwewe naye hutokea juu. Akigeuka mweusi, akajibana ubavu aonekane mpana, akaachama na kutoa sauti ya kupuliza, umekwenda haraka mno. Mpeleke upande aliokuwa anauelekea, juu ya kichaka chenye kivuli. Usimvute mkia; wake haukatiki kwa hiari na ukikatika hauoti. Hana sumu hata tone. Nimewaona watoto wakimtia ugoro mdomoni anapoachama, na nawaomba wazazi walikemee jambo hilo kwa ukali, kwa sababu nikotini humuua.

Guruguru na jamaa zake wa kwenye miamba hukimbilia ufani, wakavuta pumzi na kujivimbisha mpaka magamba yakang'ang'ania mawe juu na chini. Huwezi kumtoa hapo ila umvunje. Ondoka, atatoka mwenyewe. Binamu yao wa Afrika Kusini, Ouroborus cataphractus, huuma mkia wake akawa pete ya miiba, na sifa hiyo imemponza: akijikunja anaokotwa kirahisi kwa ajili ya biashara.

Kenge ni habari nyingine. Wa majini anaweza kuvuka mita mbili. Akiingia bandani, kwanza fungia mbwa na uondoe watoto, kisha fungua mlango wa upande ulio mbali nawe na usiwe kati yake na mlango huo. Atajivimbisha, atapuliza, atakunja shingo. Ukikaidi utapata mkia, nao hupiga kama kiboko, halafu meno, halafu kinyesi chenye harufu isiyotoka kwenye nguo. Usidanganyike akilegea. Kenge wa nchi kavu hujifanya amekufa, na mmoja wa jamii hiyo huuma mguu wake wa nyuma ili nyoka asiweze kumzungusha na kummeza. Nimeona watu wakimbeba "maiti" begani, akazindukia njiani. Akikuuma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwenye kizimba hesabu ni ile ile, tofauti ni kwamba mjusi hana pa kukimbilia, basi atatumia hatua ya mwisho mapema. Mpe maficho kabla ya kumpa chakula. Wa miamba anahitaji mawe mawili bapa yanayogusa mgongo na tumbo kwa pamoja, yafungwe imara yasimwangukie anapojivimbisha. Vinyonga watenge, wasionane. Usafi fanya kwa kuingiza mkono kutoka chini au ubavuni. Mjusi akiacha mkia, toa mchanga, tandika karatasi, mwongezee wadudu, usimpake dawa za kienyeji kwenye kidonda. Mkia ulioanguka uache kwa muda. Wako wanaourudia na kuula, nao hurudisha mafuta yao.

Ila Tanzania na Kenya kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa. Mfano wa kwa nini uko Kimboza, Morogoro, kwa mjusi mdogo wa buluu aitwaye Lygodactylus williamsi. Kinga yake ni kujificha ndani ya majani ya mikadi, mimea ya msituni yenye majani marefu. Wakusanyaji walipogundua hivyo wakawa wanaikata mikadi yenyewe. Yumo katika hatari kubwa ya kutoweka, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Ukiwa mwongozaji kule, au mwenyeji tu, na mgeni akakuuliza mkadi upi una mijusi, mpeleke kwanza kwa ofisa wa msitu.