Kazi zenye uhaba ng'ambo: soma orodha kabla hujamlipa wakala

Mpishi wa hoteli Malindi akisikia Australia ina upungufu wa wapishi, aanze kwa kutafuta namba yake. Kule kila kazi ina namba ya tarakimu sita, na viza hufuata namba hiyo. Jina la cheo lililoshonwa kwenye koti jeupe halihesabiwi. Namba 351311 ni ya mpishi anayepanga menyu, kukadiria gharama za chakula na wafanyakazi, kuagiza bidhaa, kuwaelekeza walio chini yake na kusimamia usafi wa jikoni. Namba 351411 ni ya mpishi wa kutayarisha na kupika. Kisha kuna 851111, mpishi wa vyakula vya haraka, na 851311, msaidizi wa jikoni. Hizi mbili za mwisho hazimo katika orodha ya Australia ya kazi 456 zenye uhaba, iliyoanza kutumika tarehe 7 Desemba 2024. Ukiitwa "shefu" na wenzako lakini siku nzima unamenya vitunguu na kupara samaki, afisa wa viza atakuhesabu msaidizi.

Seremala wa Lamu ana mtihani wa namna hiyo hiyo. Anayeunda milango na fremu za madirisha karakanani yuko karibu na 331213. Wa vitanda na makabati ni 394111. Anayepaua nyumba na kufunga mbao za zege ni 331212. Kama unafanya zote, chagua inayokula saa nyingi zaidi za wiki yako, kwa sababu ndiyo utakayoweza kuithibitisha.

Barua ya mwajiri ya kuthibitisha kazi uliyofanya ndiyo inayowaangusha wengi. Meneja anaandika "ni mwaminifu na mchapakazi, tunamtakia kila la heri", anapiga mhuri, basi. Barua hiyo haina kazi. Inayofaa iwe kwenye karatasi yenye anwani ya hoteli, iwe na jina, cheo na simu ya aliyetia saini, tarehe kamili ya kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, mshahara, na majukumu matano au sita. Majukumu yaandikwe kwa uhalisia: "Hupanga menyu ya chakula cha jioni kwa wageni 80, huagiza samaki na mboga kila asubuhi, husimamia wapishi wanne." Usinakili maelezo rasmi ya namba neno kwa neno, afisa anayajua, na barua itatiliwa shaka.

Hapa pwani kuna tatizo la msimu. Hoteli nyingi Malindi hufunga au hupunguza watu wakati wa masika, kuanzia Aprili. Ukiandika kwamba ulifanya kazi mfululizo kuanzia Januari 2022 hadi Desemba 2024, taarifa yako ya NSSF itaonyesha miezi isiyo na michango, na Australia ikiamua umetoa taarifa za uongo unaweza kunyimwa viza kwa miaka mitatu. Tenganisha kila msimu na tarehe zake. Viza ya 482, ile ya kudhaminiwa na mwajiri, hudai mwaka mmoja wa kazi ya kutwa ndani ya miaka mitano iliyopita, kwa hiyo misimu miwili ya miezi tisa inatosha. Ambatisha payslip, fomu ya kodi ya P9, na kama ulikuwa ukilipwa kwa simu, taarifa ya M-Pesa.

Fundi aliyefunzwa na baba yake bila cheti aende NITA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya mafunzo ya viwandani, afanye mtihani wa ufundi: Grade III, kisha II, kisha I. Cheti hicho hakimalizi ukaguzi wa ng'ambo, lakini bila karatasi yoyote hata pa kuanzia hapana.

Sasa, kuwa ndani ya orodha hakukupi viza. Kwa 482 lazima mwajiri aliyeidhinishwa akuteue, kwa mshahara usiopungua kiwango kilichowekwa. Kuanzia 1 Julai 2025 kiwango kilikuwa dola za Australia 76,515 kwa mwaka, nacho hupandishwa kila Julai. Ada ya uteuzi na tozo ya mafunzo ni za mwajiri, na sheria yao inamkataza kukurudishia wewe mzigo huo. Anayekuuzia "udhamini" anakuuzia kosa la jinai.

Ujerumani mambo ni mengine. Kwa Kadi ya Fursa, kibali cha kwenda kutafuta kazi kule kilichoanza 1 Juni 2024, unahitaji kwanza elimu inayotambuliwa Kenya na Kijerumani cha A1 (ngazi ya mwanzo kabisa) au Kiingereza cha B2 (ngazi ya kati ya juu), kisha alama 6. Kazi yenye uhaba inakuletea alama 1 tu! Muuguzi mwenye shahada, umri chini ya miaka 35, anapata 2 za umri, 2 za uzoefu wa miaka miwili, 1 ya uhaba, na Kijerumani cha A2 kinamkamilishia ya sita. Hata hivyo hataruhusiwa kuuguza mpaka shahada yake itambuliwe kule. Fedha za wakala ni heri ziende kwenye darasa la Kijerumani.

Uingereza ilifunga mlango wa kuajiri walezi wa wazee kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Anayekuahidi nafasi mpya ya ulezi kutoka hapa leo, usimpe hata nauli ya boti.

Wakala yeyote hakiki jina lake katika rejista ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na jina la rejista lifanane na la risiti. Cheti cha tabia njema omba kupitia eCitizen mwishoni, mwajiri akishapatikana, maana Australia hukihesabu miezi 12 tu tangu kitolewe. Orodha yenyewe ifungue tena kwenye tovuti ya serikali husika wiki ile mwajiri anapopeleka uteuzi.