Anika majani ya dawa kivulini, si juani

Kivumbasi nilichoanika juu ya bati hapa Kayole kilikauka kwa siku moja, lakini nilipokifikicha hakikunukia kabisa. Harufu ile ndiyo mafuta ya mmea, na jua kali huyarusha hewani kabla hata hujachemsha maji. Chuma asubuhi umande ukishakauka, tandaza tabaka moja tu juu ya neti au gunia safi, kivulini penye upepo, ugeuze kila jioni. Yakiwa tayari, kijiti huvunjika tak! na jani husagika vidoleni. Kikipinda tu, bado. Weka kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na mwanga, na ubandike jina na tarehe, maana majani makavu hufanana mno na kukosea ni hatari.

Njia hii hukwama kati ya Juni na Agosti, Nairobi ikiwa na baridi na mawingu: majani hukawia na unyevu, yakaota ukungu. Msimu huo anika machache machache, ndani ya nyumba, mbali na moshi wa jiko. Yakiota ukungu tupa yote, hata yanayoonekana mazima. Shubiri usiianike hivi. Ina maji mengi, itaoza.