Filamu Mbili za Kuanzia, na Namna ya Kuzionyesha Kijijini

Anza na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021). Imetokana na riwaya ya Adam Shafi, na hadithi yake iko Zanzibar ya miaka ya 1950. Inazungumzwa Kiswahili, kwa hiyo mtazamaji anabaki na macho huru ya kufuata rangi na vivuli, na humo ndimo uzuri wake ulimo. Usiisimamishe katikati.

Ya pili ni Yaaba ya Idrissa Ouédraogo (1989), kutoka Burkina Faso: mtoto anafanya urafiki na bibi ambaye kijiji kinamwita mchawi. Wazee wa Kilolo au Rungwe wataielewa upesi kuliko wakosoaji wengi. Tatizo ni lugha. Weka faili la maandishi ya chini kwenye folda moja na filamu, majina yafanane herufi kwa herufi, la sivyo huenda yasitokee yenyewe. Yakipishana na midomo, kwenye VLC (programu ya kuchezea filamu) ya kompyuta ya Windows bonyeza G au H. Kila mbonyezo husogeza milisekunde 50. Yakiwa ya Kiingereza, tafuta msomaji mwenye sauti tulivu ayatafsiri papo hapo, naye aitazame filamu nzima kabla.

Kwa skrini, shuka jeupe likunjwe mara mbili, livutwe pembe zote nne. Projekta ya uwiano wa 1.5 (umbali ukigawanywa kwa upana wa picha) hukaa mita 3 kupata picha ya upana wa mita 2. Makete mwezi Julai, ukiiingiza kutoka kwenye baridi, isubiri nusu saa kabla ya kuiwasha; lenzi hushika ukungu.